Harufu ya Petroli Chini ya Boneti

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Fundi Mkuu wa karakana ile ya shirika la umma, pale mtaani Gerezani, alinisimamisha mbele ya gari la Kiingereza lililofunguliwa boneti, akaniambia niinamishe kichwa.

"Unasikia harufu gani?"

"Oili, shikamoo mzee," nilijibu, maana hofu ilikuwa imenivuruga. "Na mpira uliopata moto."

"Marahaba. Petroli je?"

"Hapana."

"Basi washa. Siku ukiisikia, usiguse funguo hata kama anayesubiri ni waziri."

Mengine yote niliyofundishwa baadaye yalikuwa nyongeza tu. Ninyi mnaoendesha magari ya siku hizi hamna haja ya kujua, lakini nitasema hivyo hivyo. Magari yale yalikuwa na kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla haijaingia kwenye injini, na mengi yalikuwa nayo karibu kabisa na bomba la moshi, pale chuma kinapopata joto la kukaangia yai. Petroli ilifika hapo kwa mpira. Mpira ukizeeka hukauka, hupasuka, huanza kudondosha. Ikitokea cheche moja kwenye waya uliochunika, gari limekwenda na maji.

Basi ndiyo kazi niliyoifanya hadi mgongo ukapinda: kubadilisha mipira kabla haijachoka, kuibana kwa klipu za kukazwa kwa bisibisi, kuvalisha nyaya mpira pale zinapopita kwenye tundu la bati, kufunga swichi ya kukatia betri. Na fyuzi. Fyuzi kazi yake ni kuungua ili gari lisiungue, lakini watu wasio na haya huitoa wakachomeka kipande cha waya, kisha wanakuja kulia.

Shirika lilipokufa nilikwenda kufanya kazi kwa tajiri mmoja mwenye gereji Mchafukoge. Alikuwa mtu wa kuokoa senti. Siku moja aliniletea mpira wa maji niufunge kwenye njia ya petroli.

"Bosi, huu petroli itaulainisha," nilimwambia.

"Fundi Mwanaidi, mpira ni mpira. Mteja hataufungua auangalie."

"Sawa, ufunge wewe."

Alinitazama, akacheka, akanituma Kariakoo nikachague mwenyewe. Tangu hapo kila mpira nilitumwa mimi, kwa miguu, juani. Wenye maduka ya spea waliniita Bibi Mpira kwa sababu nilikunja na kunusa kila kipande kabla ya kununua. Niliwaacha waseme.

Mwishowe nilifungua kibanda changu Gerezani, na huko ndiko alikonijia Mzee Sefu na gari lake jeupe la kukodishwa kwa harusi. Ndilo lililomleta mkewe nyumbani siku walipooana. Mke alikwisha kufariki, na watu walikuwa wakimsumbua auze. "Hili likiungua," aliniambia, "nitakuwa nimemzika mke wangu mara mbili." Mzigo aliutua kwangu, naye akaenda zake kulala usingizi mzuri.

Nilipofunga kibanda kwa sababu ya magoti, gari hilo nililibakiza. Likipangiwa harusi, naitwa, nainama, nanusa, nasema safi. Hata nilipokuwa sina hamu ya kutoka kitandani nilikwenda.

Mwaka huu aliolewa mjukuu wa Mzee Sefu, Nuru. Nilifika mapema nyumbani kwao Mchafukoge, nikafungua boneti, nikainama. Hakuna harufu. "Safi," nikasema, nikafunga. Matarumbeta yakaanza, na Nuru akashuka ngazi za ghorofa, amefukizwa udi tangu alfajiri.

"Jamani, udi huo!" akina mama walipiga vigelegele. "Mpaka mtaa wa pili unanukia!"

Alinipita karibu hata shela ikanigusa shavu. Nikavuta pumzi. Sikusikia kitu. Nikavuta tena, kwa nguvu, kama mtu aliyezama. Kama sisikii udi ule, basi asubuhi nilikuwa nimenusa nini?

Nuru alishakaa kiti cha nyuma. Dereva alishaingiza funguo.

"Usiwashe! Mteremsheni mtoto!"

Matarumbeta yalikatika. Mzee Sefu alinijia amekunja uso. "Fundi, vipi tena? Si umeshakagua?"

"Pua yangu imekufa, Mzee Sefu. Nimejua sasa hivi."

Nilifungua boneti, nikapitisha mkono chini ya mpira kando ya kabureta. Vidole vilipata baridi na majimaji. Nilimwekea mkono puani, akarudi nyuma.

"Petroli," alisema. Alimtazama mjukuu wake, kisha akashika kichwa.

Nilikata betri. Watu walinong'ona, shangazi mmoja alilalamika wazi kwamba nimewatia nuksi. Nuru ndiye aliyemaliza maneno: alikusanya gauni mkononi, akasema, "Babu, twende kwa miguu, mbona si mbali." Wakaondoka nyuma ya matarumbeta. Mimi nilibaki nimeegemea bati, nikalia.

Mnaniuliza ustaafu una raha gani. Una uchovu, wanangu. Mgongo nilijua utaondoka, macho nilijua, lakini pua sikuwahi kuifikiria, wala haikuniaga.

Mchana ule nilimrudishia Mzee Sefu funguo, nikamwambia atafute fundi mwingine. Walinikalisha kwenye sinia la pilau na bibi zake bi harusi. Nilinawa kwa sabuni, nikaanza kula, na jirani yangu akaninong'oneza kwa aibu, "Bi Mwanaidi, kanawe tena, mkono bado unanuka petroli."

Niliunyanyua mkono puani, kwa mazoea. Kisha nikamsogezea yeye.

"Hebu nusa vizuri," nilimwomba. "Bado inasikika?"