Maswali ya Wifi

Mama mwenye studio ya picha hugombana na kompyuta yake kutwa. Kila ikimuuliza kama anairuhusu programu fulani, husonya, "Una maswali kama wifi!" na kidole chake kinene hugonga Ndiyo kabla hajasoma. Leo mteja kachomeka flashi yake, swali likatokea, la programu asiyoijua kabisa. Kidole kikabaki hewani. Ndani ya kompyuta mna picha za harusi ya jana, na bibi harusi mwenyewe hajaziona. "Mama, bonyeza tu, nachelewa!" mteja akafoka. "Chelewa, mwanangu." Akasoma neno kwa neno, midomo ikicheza, akagonga Hapana, akaichomoa flashi na kumrudishia mwenyewe. "Haya, wifi," akaiambia kompyuta, "leo umeuliza la maana."