Tuligonga kisiki mto Kilombero, alichokichomoa fundi chini ya boti hatukukitarajia

Wakuu, salaam kwenu.

Hii imenikuta mwenyewe juzi, sijaongeza chumvi.

Mimi na mdogo wangu Deo tuna boti ya mbao tuliyoachiwa na marehemu baba. Ya zamani, tanga lake tumelishona wenyewe kwa turubai. Msimu wa mavuno tunavusha mpunga na watu kutoka mashamba ya ng'ambo kuja upande wa Ifakara.

Asubuhi hiyo tulipakia magunia na abiria sita. Upepo mzuri, tukajisahau. Maji yameshaanza kupungua, visiki viko karibu.

Tukagonga. Kishindo hadi meno yakagongana. Mama mmoja akaita, "Yesu!" Boti ikakwama, ikatetemeka, halafu ikajinasua yenyewe.

Nikachungulia chini ya mbao za kukanyagia. Maji kidogo tu, ya kukomba kwa kopo. Tukafika.

Deo akataka kurudi hapohapo. Mkewe na mapacha wao wachanga walikuwa wanasubiri ng'ambo.

"Kaka, ni mkwaruzo tu. Chombo kikavu hiki."

Roho yangu ikagoma. Nikampigia fundi wetu, Mama Agatha. (Kazi alifundishwa na mumewe, na kusema kweli amemzidi.) Akaja na baiskeli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ipindueni."

Tukaivuta nchi kavu, tukaipindua. Tope tupu, mimi sikuona kitu.

Yeye akaanza kugonga ubao mmoja mmoja kwa mpini wa bisibisi, sikio kaliinamisha. Ko. Ko. Ko.

Pu.

"Hapa pamekufa."

Akakwangua tope. Wakuu, kipande cha kisiki, unene wa ngumi, kilikuwa kimetoboa ubao kikavunjikia humohumo. Kimeziba tundu lilelile kililolitoboa!

Akakishika kwa vidole viwili. Kikatoka.

Vidole viwili tu. Ndicho kilichotuvusha watu wanane.

"Mngerudi nacho, kingechomoka katikati ya mto."

Deo alikaa chini kwenye mchanga.

Mkewe na watoto walivuka baadaye kwa mtumbwi wa jirani. Mkuku wa boti, ule mti mrefu wa chini kabisa unaoshika mbao zote, nao umepasuka, inabidi tuuweke mpya.

Nilichojifunza: ukigonga, usiishie kuangalia maji yameingia kiasi gani. Jiulize kwa nini hayakuingia.

Wenye vyombo vya mbao, nyie mnakaguaje? Na mkuku, mninga au mvule? Nawasoma.