Nilivyoukata Mti wa Kinu

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kila nikisikia msumeno unakata mti. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, nimetoka shule ya kati juzijuzi tu, na kichwa kimenijaa hesabu. Siku hiyo niliazima msumeno kwa seremala jirani yetu, nikaukata mti wa kinu cha mjomba wangu katikati. Nimeishi sana tangu hapo, nimezika wengi na nimeoza mabinti, lakini sauti ya ule msumeno haijanitoka masikioni. Kaa hapa na mimi babu yako nikueleze, maana jana nilikusikia ukimjibu bibi yako kwa maneno ya darasani, naye akanyamaza. Kunyamaza kwake kumenikosesha usingizi.

Tulikuwa tukikaa Ngamiani, Tanga, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mjomba wangu, Mzee Mbaruku, na mkewe Bi Mwanahamisi. Huyu nilimwita mama, kwa kuwa sikuwa na mwingine wa kumwita hivyo. Mjomba alikuwa akikamua mafuta ya ufuta. Uani kwetu kulikuwa kupana, na katikati palisimama kinu cha gogo, na ndani ya kinu mchi mkubwa ambao watu wawili waliubeba kwa taabu. Mchi ulifungwa kwenye mti mrefu wa pima tatu uliotoka nje, na mwisho wa mti alifungwa ngamia jike, jina lake Shani. Shani akizunguka, mti unazunguka, mchi unasaga ufuta, na mafuta yanachuruzika kwenye chungu. Machoni alifungwa kidoto, kile kitambaa cha kumziba asione kwamba anazunguka pale pale, kwani ngamia akilijua hilo husimama. Nimeona watu wazima waliohitaji kidoto cha namna hiyo, lakini hayo tuyaache.

Mjomba alikuwa na utaratibu wake. Alitembea nyuma ya Shani akisoma uradi, na kila mizunguko arobaini alimsimamisha, akamvua kidoto, akampa maji, akamkuna shingoni, kisha naye akakaa kidogo. Halafu wanaanza tena. Wateja walingoja barazani wakipiga soga, na hakuna aliyepata kumwona mjomba akiharakisha. Bi Mwanahamisi ndiye aliyemlea Shani tangu akiwa ndama. Alimpa mashudu, makapi ya ufuta uliokamuliwa, kwa mkono wake, na alimfahamu kwa pumzi tu, kama mama anavyomfahamu mtoto wake akilala vibaya.

Sasa mfanyabiashara mmoja akaleta mashine ya kukamulia, akaiweka nyuma ya soko. Ilikuwa na kibati ubavuni kilichoandikwa nguvu za farasi wanane. Ilinguruma tangu asubuhi, na mtu aliyepeleka ufuta alirudi na mafuta kabla kahawa haijapoa. Wateja wetu wakaanza kupungua. Mjomba alisema riziki haigombaniwi na chuma. Mimi niliona aibu, mwanangu. Wenzangu niliosoma nao walipita wakaniona nimeshika kamba ya ngamia, nami najidai msomi. Hiyo aibu ndiyo iliyonipotosha, wala si hesabu. Hesabu haikuwa na kosa.

Maana shuleni nilikuwa na mwalimu hodari, Mwalimu Yohana, Mshambaa, Mlutheri, mtu mpole asiyeshika kiboko. Siku moja alitupa tofali na mizani ya springi. Tukaliinua tofali wima mpaka juu ya meza, mizani ikavutika sana. Kisha tukalivuta juu ya ubao mrefu uliolazwa, mizani ikavutika kidogo, ila njia ikawa ndefu. Akatuambia tuzidishe nguvu kwa mwendo, yaani urefu wa njia. Majibu yakakaribiana, na akatueleza kwamba tofauti ile ndogo imeliwa na msuguano wa ubao. Akasema hiyo ndiyo kazi: ukifupisha njia utasukuma kwa nguvu zaidi, ukirefusha utasukuma kidogo, lakini kazi yenyewe hukupunguziwa. Akatueleza na kile mnachokiita siku hizi nishati, kwamba imo kwenye chakula, imo kwenye mafuta ya mashine, imo hata kwenye tofali lililokaa juu likingoja kuanguka. Nilitoka darasani nimelewa kwa furaha. Kipindi kilichofuata nilitoroka nikaenda kutazama mpira.

Basi mjomba akapata habari ya msiba Kigombe. Ilimbidi aende akazike, abaki mpaka hitima, siku tatu. Tulikuwa tumeahidi mafuta ya harusi ya jirani, akaniachia mimi kinu. Alinisisitizia arobaini na pumziko, arobaini na pumziko, na nisimharakishe Shani. Nikaitikia kwa mdomo. Alipopotea tu kwenye kona ya mtaa nikaenda kwa seremala.

Nilivyofikiri ni hivi. Mti nikiufanya nusu, duara atakalozunguka Shani litakuwa nusu. Atasukuma kwa nguvu maradufu, lakini atatembea nusu ya njia, kwa hiyo kazi ya kila mzunguko ni ile ile. Na kwa kuwa duara ni fupi, kwa muda wa mzunguko mmoja wa zamani atapiga miwili. Mafuta yatakuwa maradufu. Nilidhani nimepata kitu cha bure, nikashangaa wazee walikaa miaka yote hiyo bila kukiona.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Adhuhuri chungu kilikuwa kimejaa, na watu waliopita wakanisifu. Nikaona kupumzika kila mizunguko arobaini kumekuwa upuuzi, maana arobaini iliisha upesi, nikawa naruka pumziko moja na kushika moja. Siku ya pili Bi Mwanahamisi alitoka jikoni na bakuli la mashudu akasimama. Shani alikuwa na povu mdomoni, na bega limechubuka mahali kamba ilipobana.

"Mwanangu, mnyama huyu anatweta," alisema. "Sijamsikia akitweta hivi tangu nimlee. Mpumzishe."

Nikachukua kipande cha mkaa, nikaenda kwenye ukuta wa uani chini ya upenu, nikaandika hesabu yangu yote. Nguvu mara mwendo, mti mrefu. Nguvu mara mwendo, mti mfupi. Majibu yakawa sawasawa, nikayapigia mstari. Nikamwambia atazame mwenyewe, kazi ni ile ile, na kutweta ni uvivu wa mazoea. Bi Mwanahamisi alikuwa amehitimu chuo cha Kurani, nayo aliisoma vizuri kuliko mimi, lakini maandishi yale hakuyajua. Aliutazama ukuta kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Haya, wewe ndiye uliyesoma," akaweka bakuli chini na kuingia ndani. Laiti angenizaba kofi.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, Shani alipiga magoti. Nikadhani ni ukaidi, nikavuta kamba. Hakuinuka, nikampiga fimbo. Nakueleza kwa sababu sijapata kumweleza mtu, hata mke wangu. Nilipomvua kidoto aligeuza kichwa akatazama mlango wa jikoni, si mimi. Bi Mwanahamisi alikuja na maji kwenye kata, akakaa chini kwenye vumbi, akakiweka kichwa kile kikubwa karibu na paja lake. Maji hayakunywewa. Alasiri haijaadhiniwa Shani alikuwa amekufa.

Mjomba alirudi jua likiwa bado liko juu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kwa sauti yake ya kila siku. Akamtazama Shani. Akautazama mti, akaupima kwa mikono yake, pima moja na nusu, akashusha mikono. Hakunipigia kelele. Akaenda kuita watu watusaidie kumzika.

Asubuhi yake bado palikuwa na ufuta ndani ya kinu na mafuta ya watu hayajatimia. Akaniambia nishike mti. Nikasukuma mimi pale alipokuwa Shani. Nilikuwa na nguvu za ujana, nikaenda mbio kwa kutaka kumwonyesha majuto yangu. Mzunguko wa kumi miguu ilitetemeka, wa kumi na tano kifua kikawaka, nikaanguka juu ya mti. Mjomba akakichukua kile kipande cha mti nilichokitupa nyuma ya jiko, akakiunga kwa vipande viwili vya boriti na kamba, mti ukarudi urefu wake. Akaniambia nishike tena, niende taratibu. Ulikuwa mwepesi, mwanangu. Njia ilikuwa ndefu lakini ulikuwa mwepesi, na nikapiga arobaini yote nikipumua.

"Ufuta uliosagika kwa mzunguko mmoja umebadilika?" aliniuliza.

"Haukubadilika, mjomba."

"Mbona mara ya kwanza ulianguka?"

Sikuwa na jibu.

"Shani naye hakuwa nalo," alisema. "Ila yeye hakuulizwa."

Hayo tu. Tulisukuma kwa zamu siku mbili mpaka mafuta ya harusi yakatimia, na hakulirudia tena neno hilo mpaka anakufa.

Baadaye nilimkuta Mwalimu Yohana njiani, akiikokota baiskeli iliyopata pancha. Nikamsimulia yote, isipokuwa ile fimbo. Akaniuliza nilikuwa wapi kipindi kile kilichofuata. Kumbe siku ile niliyokwenda mpirani aliwapeleka wenzangu kwenye ngazi za kanisa, wakapanda wakitembea, kisha wakapanda wakikimbia. Kazi ilikuwa moja, kwani mwili ni ule ule na ngazi ni zile zile, lakini waliokimbia walikaa chini wakihema. Akawafundisha kuigawa kazi kwa muda. Hapo ndipo unapopata nguvu kwa maana ya ule mwandiko wa ubavuni mwa mashine: si kazi kiasi gani, ni kazi kiasi gani kwa dakika. Mnyama anaweza kuwa na nishati ya kutwa nzima tumboni mwake, alisema, na bado akafa kwa kudaiwa yote kwa mara moja. Nililia pale pale barabarani, naye akanishika bega.

Mjomba hakununua ngamia mwingine. Aliishia kuwa bawabu wa ile mashine nyuma ya soko, anakaa mlangoni kutwa akisikiliza ngurumo. Waliomuuliza habari za Shani aliwaambia aliugua. Jina langu hakulitaja. Nami kila siku nilikusudia kwenda kumwomba radhi, nikawa nangoja saa nzuri ya kulisema. Saa hiyo haikupatikana. Nilimwomba radhi akiwa amekwisha kuvishwa sanda, na hiyo si radhi, ni kujipa moyo.

Lakini iko hesabu yangu ukutani. Kila Idi Bi Mwanahamisi alipaka chokaa ukuta wote wa uani, isipokuwa pale. Mwaka nenda mwaka rudi, ukuta mweupe na kiraka kile cha mkaa chini ya upenu. Niliamini ananisuta. Nilipokuwa nakwenda kumtazama nilikaa nimekigeuzia mgongo. Alipokuwa mzee, hajiwezi tena, nilileta chokaa mwenyewe nikamwomba ruhusa nikifute.

"Usiguse," alisema. "Huo ndio mwandiko wako wa kwanza nyumbani kwangu. Wageni wote nimewaonyesha. Huwaambia, mwanangu kaandika yale."

Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Kisha akaniuliza, ati pale pameandikwa nini. Nikamsomea. Nikamwambia kuna mstari umesahauliwa, wa muda, nikamweleza polepole kama nilivyoelezwa mimi. Alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Siku ile nilitaka kukuuliza," akasema. "Nilitaka kukuuliza, kwenye hesabu yako mnapumzika wapi. Nikaona haya, maana sikusoma."

Nikachukua mkaa nikauandika ule mstari, naye akinitazama kutoka kitandani kwake karibu na mlango. Alifariki mwaka ule ule.

Basi mwanangu, sikukatazi kusoma. Soma, na usitoroke kipindi, maana huwezi kujua ni kipi kina maisha ya mtu ndani yake. Ukijua kazi ni kiasi gani, uliza pia ni kwa muda gani, na ni bega la nani linalosukuma. Usimbebeshe mtu kwa siku moja yale anayoyaweza kwa wiki, hata kama hesabu zinakubali. Mtu asiyesoma akikuambia jambo, weka mkaa chini umsikilize, kwani huenda ameshika mstari uliokupita. Na ukikosa, omba radhi siku hiyo hiyo, kwa maneno yako ya kukwamakwama, usingoje mazuri. Bibi yako yuko jikoni. Nenda kamuulize jana alitaka kusema nini.

Mola akupe elimu yenye masikio. Akupe nguvu, na akupe pumziko ndani ya nguvu hizo. Akuepushe na majuto yangu, na awarehemu Mzee Mbaruku na Bi Mwanahamisi, waliofunika kosa langu maisha yao yote. Nenda, mwanangu. Mimi nitakaa hapa kidogo.