Kigelegele Kutoka Kabatini

Ningeendelea kuificha aibu hii mpaka naingia kaburini, jamani, kama mdogo wangu Hassani asingeisimulia msibani (msibani! watu wamekaa mkekani wanasubiri kahawa) na kuiharibu, akasema eti nilimvaa pweza kichwani, wakati pweza alikuwa mgongoni. Basi bora niisimulie mwenyewe, mnicheke mara moja, tumalizane.

Wanaonijua wanajua kwamba miguu yangu haitulii. Nimezaliwa Kiwangwa, kwenye mananasi, nikamaliza kidato cha nne pale Bagamoyo, na tangu hapo sijakaa mahali nikaona misimu miwili ya mananasi ikipita. Nimeuza dukani Mapinga, nimepika hotelini Tanga, mwisho nikaangukia udobi kwenye meli za kitalii, zile ndefu kama mtaa mzima uliolazwa juu ya maji, nikawa nafua mashuka ya watu miezi tisa, narudi nyumbani miezi miwili, naondoka tena. Nikiwa huko nalilia harufu ya udongo wa kwetu ukinyeshewa, nikifika kwetu wiki ya tatu nimeshaanza kuulizia meli inaondoka lini. Ndivyo nilivyoumbwa.

Mwanangu Saida alibaki kwa mama yangu. Na kwa kuwa nyumba ile imejaa wadogo zangu, na wote wananiita Dada Zuhura, na mama yangu wanamwita Mama, mtoto naye akashika hivyo hivyo: bibi yake ni Mama, mimi ni Dada Zuhura. Hakuna aliyemfundisha wala aliyemkataza. Alipokuwa mdogo tulikuwa tunacheka. Alipofika miaka kumi na tatu nikajikuta sicheki tena, lakini utamwambiaje mtoto, "Kuanzia kesho niite mama," kama vile unabadilisha jina la duka?

Sasa, ile meli yetu ina utaratibu kwamba mfanyakazi akidumu miaka mingi anapewa safari moja kama abiria, na anaruhusiwa kuja na mtu wake mmoja. Meli ilipopanga kupitia Dar msimu ule nikaomba, nikapewa. Siku tano: Dar, Unguja, Mombasa, halafu baharini, halafu nyumbani. Nikajiambia, Zuhura, siku tano chumba kimoja na mwanao, ukishindwa kuwa mama hapo basi tena.

Mama alitusindikiza mpaka barabarani. Akanipa doti ya khanga, mpya, bado ina ukavu wa dukani, akaniambia, "Angalia mwanangu asilale na njaa." Sikumwuliza alimaanisha mimi au Saida.

Kumbe kwenye meli zile kuna chumba cha watoto wa umri huo, wale ambao si watoto si vijana, kuanzia miaka kumi na miwili mpaka kumi na minne. Mimi nilikijua kwa taulo zake tu. Kiko juu kabisa, karibu na bomba la moshi, kina michezo, muziki, mito mikubwa ya kukalia iliyojaa vipunje, na mlangoni pana picha ya mtu mzima amepigwa mstari mwekundu. Mzazi anamleta mwanawe mlangoni, mtoto anafungwa bangili ya plastiki mkononi, mzazi anageuka anakwenda zake. Mwangalizi wao alikuwa kijana wa Kifilipino anaitwa Joni, mwenye tabasamu la kudumu.

Siku ya kwanza Saida alinishika gauni hataki kuingia. Nikafurahi (Mungu anisamehe). Siku ya pili akaingia mwenyewe. Siku ya tatu nikawa namwona wakati wa chakula tu, anakula harakaharaka huku anaangalia mlango, amejaa maneno ya Kiingereza na majina ya watu nisiowajua.

"Mnafanya nini humo?" nikamwuliza.

"Mambo yetu."

"Mambo gani?"

"Yetu, Dada Zuhura."

Nikabaki nazunguka na zile siku zangu tano, nakunja taulo za watu kwenye viti kwa mazoea.

Siku ya nne, tuko katikati ya bahari, akaniambia, tena kwa sauti ya chini, kwamba alasiri kila mtoto ataonyesha anachokiweza, na yeye ataimba ule wimbo wa Mama wa kumenya muhogo. Nikadakia: "Nije?" Akaniangalia kwa huruma, ile ya kumwangalia mtu aliyeuliza kama daladala inafika Mombasa. "Wakubwa hawaruhusiwi. Mimi naimba kwa wenzangu tu."

Nikasema sawa. Na ningekaa na hiyo sawa yangu kama si kitu kimoja. Saida alipohitimu Kurani, alisimama mbele ya watu uani kwetu, kavaa kanzu nyeupe, na mimi nilikuwa kwenye maji ya nchi nisiyoweza hata kuitamka. Kwetu mtoto akisimama mbele za watu lazima upande wake usikike. Kigelegele kinatoka kwa mama kwanza, ndipo wengine wanapokea. Mtoto asipopigiwa ni kama hana kwao. Siku ile alipiga bibi yake, na majirani wakapokea, na niliposimuliwa kwa simu nilisema "alhamdulillahi" halafu nikaenda kulia kwenye mashine ya kukaushia, ambako huwa hakuna anayekusikia.

Basi uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo tu: nitachungulia, dakika moja, nitoke.

Nilikuwa najua kwamba nyuma ya chumba kile kuna kabati la mashuka lenye milango miwili, mmoja unatokea kwenye njia ya wafanyakazi, wa pili unatokea ndani, pembeni ya jukwaa lao. Alasiri nikajifunga khanga ya Mama, ya pili nikaitupia begani, kadi yangu ya abiria nikaiacha chumbani (kwa nini niibebe, si dakika moja?), nikaukuta mlango wa wafanyakazi umezuiwa usijifunge na toroli la taulo, nikapita, nikaingia kabatini, nikauvuta mlango nyuma yangu taratibu nisisikike. Ukajifunga. Nikaujaribu. Haukuwa na kitasa kwa ndani.

Miaka yote nafungua lile kabati na sikuwahi kuona kwamba halina kitasa kwa ndani. Lakini nani, akiwa na akili zake, amewahi kujifungia kabatini?

Giza. Mashuka nayo hayakuwepo, walikuwa wamejaza mavazi yao ya michezo, na kitu kimoja kikubwa, laini, chenye mikono mingi, kimening'inia juu yangu kama mkwe asiyependa harusi. Alikuwa pweza wa kitambaa. Nikajibanza naye, nikaweka jicho kwenye upenyo wa mlango wa pili.

Nikaona mtoto mmoja anarusha mipira. Mwingine akapiga gitaa vibaya, wakampigia makofi. Halafu akapanda Saida wangu, kajifunga kitambaa kichwani kama bibi yake, akakishika kipaza sauti, akaanza. Mstari wa kwanza ukatoka vizuri. Wa pili ukatetemeka. Wa tatu haukuja.

Kimya. Mnajua kimya cha mtoto wako mbele za watu? Nikaona kidole chake kinasokota ncha ya kitambaa. Watoto wakaanza kutazamana. Joni akaanza kuinua mikono apige makofi ya kumaliza, yale ya huruma, na mimi, wallahi, sikukaa nikapanga. Kilitoka chenyewe. Kigelegele cha miaka yote ile, kirefu, chembamba, kutoka tumboni, ndani ya kabati la bati.

Sasa fikirini mko upande wa pili. Hamjawahi kusikia kigelegele maishani mwenu. Mnasikia sauti ile inatoka ukutani.

Watoto wakapiga mayowe. Joni akadhani kuna mtoto anauawa humo ndani, akaruka mpaka ukutani akabonyeza kitufe chekundu cha hatari. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaona kigelegele hakiachwi katikati, nikausukuma mlango kwa bega, nikatokea jukwaani huku nacheza, khanga nimeinyoosha kwa mikono miwili, nikamfunika nayo mwanangu mabegani, sijui kwamba pweza amenasa kwenye gauni ananifuata na mikono yake yote.

King'ora kikalia meli nzima.

Hapo ndipo nilipogeuka nikamwona yule pweza, nikadhani ni mtu, nikapiga ukelele wa kweli. Nikajikwaa kwenye mkono wake mmoja, nikaanguka juu ya mto wenye vipunje, ukapasuka, vipunje vyeupe vikajaa chumba kizima kama mchele wa kumrushia bibi harusi. Mlango ukafunguka, wakaingia wazazi, wengine na mataulo ya bwawani, wengine wameshavaa maboya, bwana mmoja mzee kavaa boya na chupi tu (alikuwa amelala, maskini). Nyuma yao wakaja watu wa machela. Wote wakasimama wakanitazama mimi, nimekaa chini, vipunje kichwani, na pweza kanikumbatia.

Nikamtafuta Saida. Alikuwa amesimama palepale, khanga begani, anatazama sakafu. Halafu akatoka mbio.

Waliniweka kwenye kiofisi cha Joni, na mlinzi mmoja wa Kihindi, mpana, mpole, akasimama mlangoni. Kadi? Sina, iko chumbani. Wewe ni nani? Mzazi. Mzazi wa nani?

"Wa Saida. Mimi ni mama yake."

Joni akaacha kutabasamu, kwa mara ya kwanza safari nzima. "Saida ametuambia mama yake yuko nyumbani, anamenya muhogo," akasema. "Amesema huku amekuja na dada yake."

Unamweleza vipi mtu kwa Kiingereza cha udobi? Nikisema mimi ni dada, ni uongo. Nikisema mimi ni mama, mtoto mwenyewe ameshanikana bila kujua kama ananikana. Mlinzi akasema polepole kwamba mtu mzima aliyejificha kabatini kwenye chumba cha watoto ni jambo zito, na watamwita mkubwa wao. Mimi sikuwa namwogopa mkubwa wao. Nilikuwa namsikiliza Joni anampigia mwenzake amlete Saida, na nilikuwa natamani wasimwone.

Wakamleta. Macho mekundu, khanga ya Mama bado iko begani, ameishika kwa mikono yote miwili. Joni akachuchumaa, akamwuliza kwa upole, vile anavyoulizwa mzazi anapokuja kuchukua mtoto: "Huyu ni wa nani?"

Saida akaniangalia. Akaangalia vipunje kichwani mwangu. Akavuta pumzi.

"Wangu," akasema. "Mama yangu. Nimekuja kumchukua."

Joni akamtazama, akanitazama, tabasamu lake likarudi, akachukua bangili moja ya plastiki akanifunga mkononi, na mlinzi, aliyekwisha kuyakuta majina yetu kwenye orodha ya chumba kimoja, akatupisha.

Tulitembea korido ndefu. Vipunje vinadondoka nyuma yetu, ungetufuata kwa vipunje mpaka chumbani. Mbele ya mlango akasimama.

"Usifanye tena."

"Sifanyi tena."

"Kabatini, kweli?"

"Nisamehe, mwanangu."

Akawa anajitahidi kununa, mdomo unamkatalia. "Ungepiga mapema kidogo. Nilishakauka koo." Halafu akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, nami nikakaa, na pale chini mlangoni akaniimbia ule wimbo wote, mpaka mwisho. (Nilipiga kigelegele, ndiyo, lakini nimeziba mdomo na khanga.)

Tulipofika Kiwangwa sikutarajia kitu. Nilijua mazoea ni mazoea, na nyumba ile ina mama mmoja. Jioni tumekaa jikoni, bibi yake anamenya muhogo, Saida anasimulia kwa mikono na miguu: "Basi Mama akatoka kabatini na pweza mgongoni..."

Bibi yake akainua uso, kisu hewani. "Mimi?"

"Si wewe, Mama." Akaninyooshea kidole. "Mama huyu."

Mama akanitazama. Akarudi kwenye muhogo wake. "Haya," akasema, "endelea."

Begi langu liko chini ya kitanda, sitawadanganya, na meli zikiita najua miguu itawasha tena. Lakini nimeapa, na mlio hapa ni mashahidi: mlangoni pakiwa na mstari mwekundu nitakaa nje, kwenye ngazi, kama wazazi wenzangu, na kigelegele changu nitakitunza kwapani mpaka mwenyewe atoke. Ile bangili ninayo bado. Hassani anasema ni ushamba kuivaa mjini. Hassani hajawahi kuchukuliwa na mwanawe.