Mume Wangu Alirudi Kusikiliza Muziki wa Gemu

Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka sitakulaumu, maana hata mimi ningesimuliwa na mtu mwingine ningemtazama mara mbili. Lakini haya sikusimuliwa. Yalinipata mwenyewe, Makambako, kweupe, nikiwa na akili zangu zote na sijaonja hata tone la pombe ya ulanzi.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa, na sisi tuliokuwa na ajira humo tukaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja pale Njombe. Mume wangu, Luka, alikuwa fundi redio, na Jumapili alipiga kinanda cha kwaya. Nilipopunguzwa kazini tukahamia Makambako, kwa sababu huko ndiko kulikochangamka: njia panda, malori ya Zambia, maduka ya Wakinga, hoteli za Waislamu zinazonukia pilau tangu asubuhi. Mtu mwenye wazo la biashara alikwenda Makambako.

Wazo la Luka lilikuwa kompyuta. Kulikuwa na mzungu mmoja wa mradi wa maji ambaye Luka alikuwa akimtengenezea vyombo vyake. Mkataba wake ulipokwisha akamwachia Luka kompyuta yake ya zamani na spika mbili, na diski zimejaa gemu. Luka akasema tutapanga chumba karibu na stendi, vijana watalipa kucheza. Nami niliona ni wazo zuri, sisemi hapana. Na vijana walikuja kweli.

Shida ilikuwa sauti. Kompyuta ile peke yake ililia piii, piii, kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Luka akaagiza Dar kadi ya sauti, kibao cha kijani kinachochomekwa ndani ya kompyuta, akakifunga mwenyewe. Basi risasi zikasikika, mabomu yakasikika, hata watu wa kwenye gemu wakaanza kuongea. Vijana wakafurahi sana. Luka hakufurahi. Alisema mabomu ni sawa, lakini muziki unatoka kama kinanda cha plastiki cha watoto.

Unajua kwa nini? Kwa sababu kule kwa mzungu alikuwa amewahi kuisikia gemu ileile ikipigiwa kwenye kisanduku. Kisanduku hicho walikiita midi. Luka alinieleza mpaka nikakijua kama sala: kompyuta haipigi muziki yenyewe, inatuma maagizo tu, hapa piga ngoma, hapa fidla, hapa tarumbeta, na kisanduku ndicho chenye ala zote ndani. Alinieleza tukiwa mezani. Alinieleza tukiwa kitandani. Alinieleza mtoto wetu Upendo akiwa na homa mapajani mwangu.

"Mama Upendo," alikuwa akisema, "mle ndani mna okestra nzima. Watu wamekaa wanasubiri kuambiwa."

Mzungu alikuwa ameondoka na kisanduku chake. Lakini dereva mmoja wa lori akamwambia Luka kwamba Tunduma kuna duka la vyombo vya mitumba, na ameona kitu kinachofanana na hicho. Luka akafunga safari. Nilimwomba asubiri hiyo homa ya Upendo ipungue. Akasema akisubiri, kitachukuliwa na mwingine.

Alikipata. Wakati wa kurudi akapanda lori, na lori likaingia kwenye ukungu, likaacha barabara wakiwa wamekaribia kufika. Dereva alipona. Kisanduku nacho kilipona, kimeviringishwa ndani ya sweta la Luka, lile alilofumiwa na mama yake. Kumbe alikuwa amelivua ili kisitikisike, mwenyewe akasafiri na shati tu kwenye baridi ile. Luka hakupona.

Tulimzika Njombe. Mimi nikarudi Makambako na watoto wangu, maana watoto hawaachi kula kwa sababu baba yao amekufa. Nikafungua chumba. Alikuwepo rafiki yake, Hamisi, fundi redio mwenzake aliyetoka Kondoa, ambaye meza yake ilikuwa barazani, palepale mlangoni kwangu. Hamisi alijaribu kukiunganisha kile kisanduku. Akatafuta waya wenye plagi ya duara, akaingia kwenye mipangilio ya gemu, akachagua kila kilichochagulika. Taa ya kijani ikawaka. Sauti haikutoka.

"Shemeji, hiki kimeumia ndani kwenye ile ajali," akaniambia. "Kiache tu."

Nikakiacha juu ya kompyuta, na nyaya zake hivyohivyo. Vijana wakaendelea kucheza na sauti ya plastiki.

Sasa nisikilize vizuri.

Ulikuwa mwezi wa sita, baridi ile ya kwetu inayoingia mpaka kwenye meno. Ilikuwa siku ya mnada, vijana wote walikuwa wamekwenda huko, na mchana ukungu ukashuka ukafunika stendi. Kompyuta nilikuwa nimeiwasha kwa kutumaini mteja. Nimekaa nyuma ya meza, nimejitanda khanga mbili, nachambua mchicha. Nikainua macho, nikaona kuna mtu kwenye kiti cha kuchezea.

Sikumwona akiingia. Nilidhani nimezama kwenye mchicha. Alikuwa amenipa mgongo, na kilichonishangaza kwanza ni kwamba amevaa shati tu. Baridi ile, shati la mikono mifupi, na hatetemeki. Nikamsalimia. Hakuitikia. Akasema:

"Dada, uliwasha kipi kwanza?"

Niamini, mchicha ulinidondoka. Sauti ya mtu uliyelala naye miaka yote hiyo huwezi kuikosea. Ilikuwa sauti ya Luka, na ananiita dada, kama unavyomwita mwuzaji usiyemjua.

Mdomo wangu ukajibu wenyewe. "Kompyuta," nikasema.

"Ndiyo maana. Anza na kisanduku. Kisikilize kwanza kiamke, halafu ndipo uwashe kompyuta."

Akazima kila kitu. Niliuona mkono wake, na lile kovu lake la kuungua na solda kwenye kidole gumba. Akawasha kisanduku, akangoja, akawasha kompyuta. Akafungua gemu, ile picha ya mwanzo ikaja, na muziki ukatoka.

Nikuambie ulivyokuwa? Nimekulia kwenye kwaya, nimesikia matarumbeta ya kanisani, lakini sikuwahi kusikia kitu kama kile kikitoka kwenye chombo cha mezani. Ngoma zilikuwa ngoma. Fidla zilikuwa fidla. Pakaja sauti za watu wakiimba "aaa" bila maneno. Luka alikuwa amesema kweli. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichukia kwamba alisema kweli.

Nikainuka. Nikasimama nyuma ya kiti, karibu kabisa, hata nikaona shati lake limelowa umande mabegani.

"Baba Upendo," nikasema.

Akainua kidole, bila kugeuka. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya enzi za uhai wake, nikimwita wakati anasikiliza kitu. "Ngoja," akasema. "Tarumbeta linakuja."

Tarumbeta likaja. Likapita.

"Upendo amepona," nikamwambia. "Anakuulizia kila siku. Nimwambie nini?"

Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayetafuta kitu kwa masikio. Nikadhani sasa analia. Nikadhani sasa atageuka. Nilikuwa tayari kuuona uso wake vyovyote utakavyokuwa, hata kama umeumizwa na lile lori. Nikaweka mkono hewani juu ya bega lake, nikaogopa kuushusha.

"Mama yako hali ugali tangu tukuzike," nikasema. "Na mimi je? Hunioni? Mimi hujaniuliza."

Ndipo akasema, polepole, kwa sauti ya mtu mwenye masikitiko ya kweli:

"Spika ya kushoto iko chini."

Umeme ukakatika. Makambako ya siku zile umeme ulikuwa hivyo, haukuaga. Chumba kikawa na giza la ukungu, lile ambalo unaona maumbo tu. Nikaushusha mkono wangu na nikashika kiti. Ubao wa kiti. Umelowa.

Nikatoka mbio mpaka barazani. Hamisi alikuwa mezani pake na redio iliyofunguliwa, palepale mlangoni, na chumba kile hakina mlango mwingine.

"Ametoka nani?" nikamwuliza.

"Hajatoka mtu," akasema. "Hajaingia mtu pia, nipo hapa tangu saa sita. Lakini shemeji, umekiwezaje kile kisanduku? Nimesikia muziki mpaka nywele za mikono zimenisimama."

Kwa hiyo muziki aliusikia, na Hamisi ni mtu wa swala tano, hana tabia ya kuongeza chumvi. Umeme uliporudi tuliingia wote wawili. Tukawasha kama nilivyoelekezwa, kisanduku kwanza. Kikapiga. Na ile spika ya kushoto, iliyokuwa na sauti ya chini tangu nyumbani kwa mzungu, iliyomshinda Luka akiwa hai, sasa ilikuwa inapiga sawa na mwenzake. Hamisi akaigeuza, akaitazama nyuma, akairudisha mezani. Akasema tu, "Innalillahi."

Unaona basi? Alitoka alikokuwa, akaja mpaka kwangu, na kilichomsumbua kikawa spika.

Hayo ningeyaweza kuyabeba. Kosa la kila kitu kilichofuata lilianzia siku niliyokwenda Njombe kuwasalimu wakwe, pale mtaa wa Ramadhani. Mama mkwe alikuwa amekaa jikoni karibu na moto, amekonda, sweta la mwanawe amelishika magotini. Alikuwa akinipenda yule mama. Aliniita mwanangu, hakuwahi kuniita mke wa Luka. Nilipomwona vile nikahisi nina kitu cha kumpa, nikamweleza.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Alisema nini juu yangu?"

"Hakusema kitu, mama. Hata juu ya watoto hakusema. Alisikiliza muziki tu."

"Ulimwambia kwamba sili?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

Ningemwambiaje? Nikamwambia kama ilivyokuwa. "Luka wangu hawezi kusema hivyo," akasema. "Alikupa maneno ya kuniletea, na wewe umeyaficha."

Siku zilizofuata alikuja Makambako na mfuko wake wa nguo. Akachukua kile kiti, akajifunika blanketi, akataka muziki ule upigwe tangu tunafungua hadi tunafunga. Gemu isichezwe na mtu, maana Luka atakosa pa kukaa. Vijana walikuja wakamkuta bibi amekaa mbele ya kompyuta anaongea Kibena na skrini, wakacheka, kisha wakaogopa, kisha wakaacha kuja. Sikuweza kumwondoa. Utamwondoaje mama mwenye msiba? Kila ukungu ukishuka alivuta kiti pembeni kidogo na kutengeneza nafasi. Hakuja mtu.

"Unamzuia," akaniambia mwishowe. Lile neno mwanangu lilikuwa limekwisha, sasa aliniita wewe. "Wewe unamtaka peke yako."

Shemeji zangu wakaitisha kikao. Wakasema vyombo vile ni mali ya marehemu, yaani mali ya ukoo, na mimi ni mtu wa kuja. Wakapakia kompyuta, kadi ikiwa ndani yake, kisanduku, spika zote mbili, hata kiti. Nikabaki na chumba kitupu na watoto. Hamisi ndiye aliyenikopesha meza yake ya zamani nikaanza kuuza maandazi stendi. Kutoka mpiga chapa, kwenda mwenye chumba cha gemu, kwenda muuza maandazi. Hiyo ndiyo ruksa niliyoipata mimi.

Kule Ramadhani waliviweka vyombo kwenye chumba cha mama. Walimwita Hamisi akaviunganishe, naye akaenda kwa heshima ya rafiki yake. Alifuata utaratibu wote, kisanduku kwanza. Taa ikawaka. Sauti haikutoka. Aliniambia alijaribu mpaka akaona aibu, na yule mama amekaa amesubiri, amejipaka mafuta usoni kama mtu anayetarajia mgeni.

Mama alikufa kabla mvua hazijaanza. Nilikwenda mazikoni. Wake za shemeji zangu walikuwa wamevaa khanga za sare, mimi sikupewa. Nilipoinama kuchukua udongo, shemeji mkubwa akanishika mkono, akasema kwa upole, mbele ya mchungaji, "Wewe acha." Nikaacha. Tangu siku ile wanangu hawana bibi, hawana baba mkubwa, hawana shamba. Upendo amekuwa mtu mzima na bado akipita Ramadhani anavuka barabara.

Mimi Jumapili hukaa nje ya kanisa mpaka kinanda kinyamaze, ndipo niingie kusikiliza neno. Watu wanafikiri nachelewa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayenisikiliza, kama kuna siku atakujia mtu wako uliyemzika, mtazame ushibe. Akiwa na la kusema, msikilize. Halafu ufunge mdomo. Usimweleze mama yake. Mama anaweza kukusamehe kwamba mwanawe alifia kwako. Kwamba alirudi duniani akaupita mlango wa mama akaja kwako, hilo hatakusamehe, na hutapata mtu wa kumwelewesha kwamba hata kwako hakuja, alifuata muziki.