Mkono Wangu Chini ya Lori

Harufu ya sifa haitoki mkononi kwa sabuni. Ni mafuta ya maini ya papa, yale ambayo wenye mashua hupaka mbao zao, na ukiyagusa asubuhi utalala nayo. Siku zile za mwisho wa kaskazi, nilipokuwa na miaka kumi, nyumba yetu ya Malindi ilinuka sifa kuanzia ukumbini hadi jikoni, na mama alilalamika kila siku kwamba hata wali unanuka papa. Wala hatukuwa na mashua. Tulikuwa na lori kuukuu la buluu, rangi imebabuka kama ukuta wa chooni, na lori hilo ndilo baba alilokuwa akilipaka sifa.

Baba alizaliwa visiwa vya kaskazini, katika ukoo wa waunda mashua, akahamia kwetu kwa sababu ya mama na akajifunza kuendesha lori ukubwani. Alibeba chumvi kutoka Marereni. Huko magari hupita juu ya matuta membamba katikati ya mabwawa, na tope la maji ya chumvi hurukia kila kitu kilicho chini ya lori. Chumvi haina huruma na chuma. Milango yetu ilikuwa imetoboka, na sakafu ya mbele ilikuwa na tundu ambalo kupitia hilo niliitazama barabara ikikimbia chini ya miguu yangu. Siku za Jumamosi nilikaa kiti cha kushoto, kando ya baba. Karisa, utingo wetu, alikaa nyuma juu ya magunia, akiimba kwa sauti mbaya ajabu. Alikuwa mtu wa bara ya Gede, kijana wa miaka thelathini hivi, ana mke na watoto wawili, na mtu wa utani usioisha.

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuusikia mlio. Kila baba alipokata kona, kitu kilialika chini ya miguu yangu: ta! Mara ta, ta! kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja. Barabara ikinyooka, kimya. Baada ya wiki mbili hata wauza madafu waligeuka kututazama tukiingia mjini, na baba akalipeleka lori kwa Fundi Awadh.

Fundi Awadh alikuwa mzee mkali mwenye mkono wa dhahabu. Hakuegemeza sikio popote. Alisema sauti hupita kwenye chuma ikatokea kwingine, na wengi wamebadilisha vyuma vizima kwa kufuata masikio. Alimwambia baba awashe injini na azungushe usukani polepole, kushoto na kulia, kisha akalala chini na kushika viungo vya usukani kimoja baada ya kingine kwa kiganja chake. Alipofika gurudumu la kushoto aliniita, akauchukua mkono wangu na kuuweka pale, juu ya kile kiungo cha mviringo kinachoshika fimbo ya usukani. Kilinigonga kiganjani kwa nguvu hata nikautoa mkono. "Umekisikia?" akaniuliza. "Hicho kimekwisha. Kikichomoka, gurudumu litakwenda linakotaka lenyewe." Akamwambia baba lori lisimame hapo hapo, chuma kipya kitafutwe Mombasa, huenda ikachukua wiki nzima.

Baba aliitikia kwa shingo upande. Mvua zilikuwa zinakaribia, na zikishanyesha mabwawa hujaa maji na kazi ya chumvi husimama. Akalirudisha lori nyumbani. Kwao visiwani ubao unaolia hupakwa sifa hadi unyamaze, na moyoni mwake lori lilikuwa ubao mwingine tu. Alinunua sifa debe zima. Jioni tatu mfululizo alilala chini ya lori akakinywesha kiungo kile mafuta kwa kitambaa, na siku ya nne mlio ukakoma kabisa. Alifurahi kama aliyepona maradhi.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na kesho yake ilikuwa harusi ya shangazi yangu Mambrui. Nilikuwa nimeshonewa gauni la kijani. Mpango ulikuwa baba anishushe Mambrui asubuhi, yeye aendelee Marereni kuchukua shehena, kisha arudi jioni kula biriani. Lori likilala, hakuna safari. Baada ya alasiri baba aliniita uani. "Esha, njoo weka mkono pale alipokuonyesha fundi." Karisa alikuwa hatua chache tu kutoka pale, akishona turubai. Nikaingia chini, nikaweka kiganja, na baba akazungusha usukani. Hapakuwa na mlio hata kidogo. Lakini kiungo kiligonga. Kiligonga kushoto, kikagonga kulia, kama kifua cha kuku aliyeshikwa kuchinjwa.

"Vipi, mwanangu, kinagonga?"

Nililiona gauni langu la kijani limetundikwa mlangoni. "Hakigongi, Baba," nikasema.

Asubuhi nilishuka Mambrui na hina mikononi. Karisa akaruka kutoka juu ya magunia matupu na kuingia mbele. "Kiti cha bosi leo changu," akaniambia, akijinyoosha kama mfalme. "Ukirudi utanilipa kodi." Nikamtolea ulimi. Waliporudi na shehena, si mbali na Gongoni, gurudumu la kushoto lilijigeukia lenyewe. Lori lilitoka barabarani na kugonga mti kwa upande ule wa kiti changu. Baba alivunjika mkono. Karisa alikufa kabla watu hawajamtoa. Habari ilifika harusini wakati wanawake wakipiga vigelegele, na namkumbuka bibi akizuia vinywa vyao kwa viganja vyake, mmoja mmoja.

Baba hakushika usukani tena maishani. Mjini walimwita tabibu wa papa, mtu aliyeua mwenzake kwa sifa, na hakuwahi kujitetea. Kadzo, mjane wa Karisa, alirudi kwao na wanawe. Mimi nilikula, nikasoma, nikaolewa, nikiwa na neno moja kooni. Leo barabara ile ya Marereni ina lami nzuri kuliko ya zamani, na malori yanayobeba chumvi yana sauti laini. Nina gari langu dogo. Likialika kidogo tu kwenye kona nalisimamisha papo hapo na kushuka, hata kama nyuma yangu watu wanapiga honi na kunitukana. Wanangu hunicheka. Sijawahi kuwaeleza.

Ramadhani iliyopita nilipiga moyo konde. Baba sasa ni mzee, macho yamefifia, anaishi Mambrui kwa shangazi. Baada ya futari nilikaa mkekani karibu naye nikamwambia yote: kiungo kiligonga, na mimi nikasema uongo kwa ajili ya gauni. Nililia kama mtoto. Nilingoja anifukuze au anisamehe.

Aliweka kikombe chake cha chai mkekani. "Karisa alikuwa pale pale," akasema. "Ningetaka kujua kweli, ningemwita yeye aweke mkono. Yeye ndiye aliyekuwa akipanda lile gari kila siku. Nilikuita wewe kwa sababu nilijua unaitaka harusi, na nilijua utasema n'nalotaka kusikia." Kisha akanitafuta mkono kwa kupapasa. "Niwie radhi, mwanangu."

Hasira iliyonipanda sikuitarajia. Miaka yote nilijiona muuaji, naye alikuwa akijua, akiniona nikikua na mzigo ule. Nilikwenda kuomba radhi, nikajikuta naombwa. Nilimshika mkono, nikambusu, nikaaga vizuri kama inavyopasa. Ile radhi bado sijampa.