Chumba Kisichovuja

Kazi ya kupanga nyaya za mtandao wa kompyuta huanza kwa kuzunguka jengo zima na mchoro mkononi, ukitafuta chumba kimoja kikavu, chenye kufuli, kilicho karibu na ofisi zote. Humo ndimo kabati la mitambo hukaa na nyaya zote huishia. Kule Rangwe nilikipata siku ya kwanza. Kilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyewapikia wafanyakazi wa ofisi zile chai na mandazi. Kwa maandishi hakikuwa chake. Alikuwa ameachiwa tu, miaka na miaka. Mimi Mkuria wa Ntimaru, Kijaluo changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Alinipa kiti kabla sijasema nimetumwa na nani. Nikamuuliza kama mvua humsumbua humo, kama jua la mchana huchoma, kama panya wapo. Niliuliza huku natafuna mandazi yake, kwa sauti ya mgeni anayepiga soga. Naye, kama mwenye nyumba yeyote anayejipenda, akakisifu chumba chake.

"Hii yangu haivuji hata tone, nyathina," alisema, akiniita mwanawe kwa Kijaluo. "Panya nilimaliza mimi mwenyewe."

Nikamshukuru, nikatoka, nikatia alama kwenye mchoro.

Kulikuwa na stoo upande wa pili. Ilivuja, lakini bati hubadilishwa, na nyaya zingerefuka kidogo tu. Ningeweza kulisema hilo kwenye kikao cha kuchagua chumba. Nilinyamaza, kwa sababu stoo ingeniongezea kazi na mkubwa wa ofisi alikuwa na haraka. Hilo linaniuma hadi leo, maana ulikuwa uvivu mtupu.

Mama alihamishwa wiki tuliyoanza kutoboa kuta. Akafunga turubali karibu na lango, akaendelea kupika. Mvua ya kule haina adabu; ya kwanza tu ilimkuta jiko limewaka. Nilikimbia kumsaidia kubeba sufuria, maana kubeba sufuria ni rahisi kuliko kuomba radhi. Tukasimama barazani tumelowa, mbele ya mlango wa chumba chake, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Nikasema, "Mama, nisamehe."

Hakukasirika, heri angekasirika. Alipangusa uso kwa leso, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Kwani ungeniambia unatafuta nini, si ningesema inavuja?"